Senti Kumi ya Marehemu Nisiyemjua

Juzi niliacha ukwaju kwenye bakuli la maji tangu asubuhi, nikausahau. Niliporudi kutoka kazini harufu yake ilikuwa imejaa jikoni, ile harufu chachu yenye utamu kwa mbali, na mimi badala ya kuendelea na mboga nikakaa kwenye kiti nikiwa bado na mkoba begani. Mwanangu akaniuliza kama naumwa. Nikamwambia naumwa miguu. Ukweli ni kwamba Bibi alifariki mwaka huu, mazishi yakapita, watu wakatawanyika kila mmoja na shughuli zake, na mimi nilikuwa nimejisifu kwamba nimevuka salama. Kumbe nilikuwa nasubiri ukwaju tu.

Ninyi wa rika langu mtaikumbuka senti kumi ya mkoloni, ile yenye tundu katikati. Sisi hatukuikuta ikinunua kitu. Tuliikuta juu ya paa, imewekwa chini ya kichwa cha msumari ili bati lisivuje. Tuliikuta kwenye majembe ya kukokotwa na ng'ombe, kwenye shingo za wazee, na kwenye vigari vya kuchezea ambavyo kaka zetu walivitengeneza kwa makopo. Mimi yangu niliinunua mnadani ili iniangalie, na ndiyo hadithi ninayotaka kuisimulia, kwa sababu mtu pekee aliyekuwa akiijua yote sasa hayupo.

Nilifika kwa Bibi nikiwa darasa la tatu. Mama alikuwa amefariki Kilosa, baada ya kuugua muda ambao mimi niliuona mrefu na watu wazima waliuita mfupi. Baba akaja kunichukua. Tukapanda treni hadi Malampaka, na kutoka hapo tukapata lori lililokuwa likienda kuchukua pamba, likatufikisha kijijini kwao, upande wa Mwamapalala. Baba alikaa siku nne, siku ya tano akarudi Geita kwenye machimbo ya dhahabu. Nyumbani nikabaki na Bibi, na baba mdogo na mke wake, na watoto wao. Mkubwa wa kike alikuwa Minza, rika langu kabisa. Nilikuwa sijui neno hata moja la Kisukuma.

Kabla sijaondoka Kilosa, mama mkubwa alinishika mashavu kwa mikono miwili akaniambia, "Huko unakokwenda ni kwa watu wa baba yako. Usilielie. Watu hawapendi mtoto wa kulialia." Alisema kwa mapenzi, na mimi niliipokea kama amri. Sikulia kwenye treni. Sikulia Baba alipoondoka. Nilikuwa nimejifunza kubana koo kwa namna fulani, nikimeza mate mara tatu, na ile hali inapita.

Hebu niseme wazi: hakuna aliyenitesa. Ningekuwa nimeteswa ningekuwa na hadithi nzuri zaidi. Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Mimi niliingoja siku ya tatu, nikaingoja ya thelathini, jembe halikuja. Kaka zake Minza waliamka kwenda kuchunga, Minza akaenda kuchota maji, mama mdogo akaenda kupalilia pamba, na mimi nikiinuka tu nilisikia, "Kaa, mgeni, pumzika." Nikishika ndoo, mtu aliipokea. Nikishika mwiko, mtu aliuchukua taratibu. Wakati wa kula niliwekewa kigoda changu na mnofu mzuri, wakazungumza Kisukuma na kucheka, kisha mmoja wao akanigeukia na kusema polepole, neno moja moja, "Kula, mgeni." Walinihurumia kweli kweli. Niliichukia ile huruma, na nikajiona mtoto mbaya kwa kuichukia.

Bibi mwenyewe alikuwa mrefu, mkavu, mwenye sauti ya chini. Kiswahili chake kilikuwa cha kanisani na cha sokoni, kwa hiyo aliweza kuniombea baraka na kuniambia bei ya dagaa, lakini katikati ya hapo maneno yalimwishia. Jumapili alikwenda kusali na rozari yake shingoni. Kando ya rozari, kwenye uzi mweusi, ilining'inia senti kumi yenye tundu, nyeusi kwa jasho la miaka mingi. Sikuwahi kusikia vitu hivyo viwili vikigombana.

Taratibu nikaanza kuona kwamba kila mtu pale nyumbani alikuwa na chake. Baba mdogo alikuwa na bangili ya shaba mkononi. Kaka yake Minza alikuwa na pete ya chuma kwenye kidole cha mguu. Minza alikuwa na kamba ya shanga nyeupe na buluu kiunoni, nikaiona siku tulipokuwa tunaoga.

"Hizi ni za nani?" nikamuuliza.

"Za Ng'washi."

"Ng'washi ni nani?"

"Mama yake Bibi. Alishakufa. Mimi nilikuwa nalia sana nikiwa mdogo, mchana na usiku. Wakaenda kuuliza kwa mganga, wakaambiwa Ng'washi ndiye ananitaka. Nikavishwa, nikanyamaza."

"Na sasa anafanya nini huyo Ng'washi?"

Minza alinitazama kama nimeuliza maji yanafanya nini. "Ananiangalia."

"Na mimi ananiangalia nani?"

Alifikiri. Hakuwa mtoto mkatili, alifikiri kwa dhati kabisa huku akijipaka sabuni. "Wewe labda wa kwenu," akasema.

Wa kwetu walikuwa Kilosa, na hakuna aliyewaambia kwamba nimehama.

Mvua zilipokaribia, asubuhi moja kabla ya kupanda, Bibi alituamsha wote tukasimama uani. Alikuwa na kibuyu cha maji yaliyochanganywa na unga wa mtama. Akanywa kidogo, akayapuliza upande jua linakochomoza, na kuanza kuwaita wazee wake kwa majina. Nilikuwa sijui lugha lakini majina niliyasikia. Alisema jina la marehemu, kisha akasema jina la aliye hai anayevaa kitu chake. Akamtaja Ng'washi, akamtaja Minza. Akamtaja mwingine, akamtaja baba mdogo. Nilisimama nikisubiri kama mwanafunzi anayesubiri jina lake wakati mwalimu anaita mahudhurio. Alimaliza. Jina langu halikuwamo, na la Mama halikuwamo. Watu wakachukua majembe wakaenda shambani, mimi nikaambiwa nipumzike.

Hapo ndipo nilipojenga imani yangu ya kitoto, na niliijenga vizuri, matofali yote yalikaa sawa. Mtu mwenye kitu cha marehemu anaonekana. Asiye nacho haonekani. Ndiyo maana hawanitumi, ndiyo maana macho yao yakifika kwangu yanakuwa laini na kupita. Naye Mama hawezi kunipata hapa kwa sababu watu wa hapa wanaita majina na la kwake halimo. Kwa maelezo ya Minza, njia ya kupata mtu wa kukuangalia ni kuugua, ndipo wakubwa wanakwenda kuuliza. Basi nikaanza kuutafuta ugonjwa. Nilisimama kwenye mvua mpaka meno yakagongana. Nilikula mapera mabichi kama ng'ombe anavyokula mabua. Nilikunywa maji ya lambo, mahali pale pale mifugo inapokanyaga. Nilikuwa na tumbo la chuma. Baada ya mwezi wa juhudi hizo nilimsikia Bibi akimwambia mama mmoja wa Kijita aliyetupitia, kwa Kiswahili, "Ametulia mtoto huyu. Tena amenenepa."

Basi nikaona ninunue.

Mnada ulikuwa mara moja kwa wiki. Bibi alikwenda nami, mimi nikiwa sijabeba kitu, na alipofika kwenye dagaa alinipa hela ya maandazi mawili akaniambia nisiende mbali. Sikwenda mbali. Kando ya mafundi baiskeli palikuwa na mzee ametandika gunia, na juu yake nati, minyororo, kufuli zisizo na funguo, kengele zisizolia. Kulikuwa na kopo la mafuta lililojaa vyuma vidogo vidogo, na ndani yake nikaona kiduara cha kijani. Kilikuwa kimeliwa na kutu ile ya shaba, ya kijani inayoacha unga vidoleni, na tundu lake limeziba kwa uchafu na grisi kavu. Lakini nililijua umbo lake. Nilikuwa naliona kila siku shingoni mwa Bibi.

"Shikamoo, babu. Hii ni nini?"

"Marahaba. Hela ya mkoloni hiyo. Haifanyi kazi tena."

"Ilikuwa ya nani?"

"Ya mwenyewe, ya nani tena?"

"Ameshakufa?"

Mzee aliacha alichokuwa anafanya, akanitazama vizuri. "Hela ya enzi hizo, mjukuu, mwenyewe atakuwa hai bado? Alishakufa huyo, na waliomzika wameshakufa."

"Alikuwa mtu mzuri?"

"Mzuri sana," akasema, akicheka. "Lete hela."

Nikampa hela yote ya maandazi. Nilirudi kwa Bibi na njaa yangu, nimekunja ngumi, nikiona jinsi nilivyopata bahati: marehemu mzima, mzuri sana, kwa bei ya maandazi mawili.

Kazi ya kumsafisha niliifanyia nyuma ya ghala la mahindi, mahali ambapo kuku walikuwa wakijichimbia. Muda nilikuwa nao, maana kupumzika ndiyo kazi niliyopewa. Nilianza na maji na sabuni, kutu haikujali. Nikajaribu mchanga, nikaona mchirizi mwembamba umejichora kwenye chuma, nikaacha haraka na kumwomba radhi. Ndipo nikakumbuka jiko letu la pampu Kilosa, lile lenye tumbo la shaba, na jinsi Mama alivyokuwa akilisugua kila Jumamosi kwa ukwaju na majivu mpaka likang'aa tukajiona sura zetu zimevimba ndani yake. Ukwaju kwa Bibi ulikuwa mwingi, ulikaa kwenye kikapu kwa ajili ya uji. Nikaiba kidogo, nikauponda na maji kwenye kifuniko cha kopo, nikaitumbukiza senti yangu, nikafunika na jani la mboga ya maboga.

Siku ya pili maji yalikuwa yamegeuka rangi. Kutu ilikuwa imelainika, inatoka kwa kidole. Nikachovya kidole kwenye majivu nikasugua polepole kwa kuzunguka, nikasuuza, nikarudisha kwenye ukwaju mpya. Hivyo hivyo kila siku baada ya shule, kwa muda wa wiki mbili hivi. Tundu nililichokonoa kwa mwiba wa mgunga, uchafu ukitoka kama punje za mtama uliooza. Pembeni mwa herufi, pasipofika kidole, nilitumia kipande cha gunzi nilichokichonga. Kwanza ikajitokeza namba kumi. Kisha pembe ya tembo, kisha ya pili, zimepinda kulizunguka tundu. Upande wa pili likatokea taji. Palikuwa na maneno ya Kiingereza ambayo sikuweza kuyasoma, nikayachukulia kuwa sifa za marehemu. Chini ya ile kijani palikuwa na wekundu kama wa chungu kipya, na siku nilipouona wote nilishikwa na furaha ambayo sikumbuki kuwa nayo tena mwaka ule. Mwisho kabisa niliipaka samli kwa ncha ya kidole na kuifuta kwa pamba.

Miaka ya baadaye nimeziona senti hizi Dar es Salaam, kwenye vibanda vya kuuzia watalii. Muuzaji mmoja aliniambia ya kijani ndiyo yenye bei, ukiing'arisha unaiharibu, wanaozikusanya hawaitaki tena. Inawezekana. Sikununua hata moja.

Nilikuwa najua kwamba hela huwa na sura ya mtu. Hii haikuwa nayo. Pale ambapo sura ingekaa palikuwa na tundu. Nikaamua kwamba marehemu wangu ametobolewa uso ili nimchagulie mwenyewe. Nilijaribu kwanza kumwekea uso wa Mama, ukaja umefumba macho, kama nilivyouona mara ya mwisho. Nikautoa. Nikamwekea uso wa mwanamke aliyekaa mbele yetu kwenye treni, ambaye alinipa chungwa lililomenywa bila kuniuliza naitwa nani. Huyo ndiye nilikuwa nazungumza naye. Nilimsimulia mambo ya shule, na jinsi watoto wanavyocheka ninavyosalimia "mwangaluka" asubuhi, na kwamba michembe, vile viazi vilivyokaushwa, siipendi ila nakula. Nilimsimulia kwa Kiswahili cha haraka, cha nyumbani kwetu. Nikasokota uzi wa pamba kwenye paja, nikaupitisha kwenye tundu, nikamvaa shingoni ndani ya blauzi ya shule. Alikuwa baridi asubuhi, na kufikia saa nne alikuwa na joto kama langu.

Nilikuwa nimemvaa wiki moja tu Minza aliposhikwa na homa. Baba mdogo alimbeba kwa baiskeli hadi zahanati, wakamkuta na malaria, wakampa vidonge. Walirudi jioni. Katika hekaheka ile hakuna aliyekumbuka kwamba mimi ni mgeni, na mama mdogo akanipa bakuli la uji nimpelekee Minza. Nilipoinama kumpa, senti ikatoka kwenye blauzi ikaning'inia mbele ya uso wake, inang'aa.

Baba mdogo alikuwa amekaa pale pale. "Hiyo umepewa na nani?"

"Nimenunua."

"Umenunua wapi?"

"Mnadani. Ni ya marehemu. Ni wangu."

Baba mdogo akasimama. "Umenunua mfu wa watu ukamleta humu ndani? Wa ukoo gani? Alikufaje? Unajua anataka nini? Mwenzako anaungua na homa na wewe umekaa na mtu ambaye hatumjui!" Alisema kwa Kiswahili, na kwa haraka. Ilikuwa mara ya kwanza mtu wa nyumba ile kunikaripia, na pamoja na hofu yote nilisikia kitu kinachofanana na raha. Kisha akamgeukia Bibi, akasema kitu hicho kitupwe kwenye lambo leo leo, na raha yote ikaisha. Nilikuwa na hakika kwamba baada ya senti nitafuata mimi. Watanirudisha Kilosa, na Kilosa hapakuwa na mtu.

Bibi alinyoosha kiganja. Nikavua, nikaweka. Aliigeuza upande huu na upande huu, akapitisha kidole juu ya pembe za tembo, akainusa.

"Umemwosha," akasema.

"Ndiyo."

"Kwa nini?"

"Alikuwa mchafu."

Akamwambia mwanawe, tena kwa Kiswahili ili nami nisikie, "Hatumtupi mtu kabla hatujauliza ni nani." Akaiweka kwenye kibakuli chenye unga, akakipandisha juu ya ghala. Katika siku tatu zilizofuata Minza alipona, akarudi kuchota maji, lakini kila mtu alipopita karibu na ghala alizunguka kwa mbali, na mimi walinizunguka vile vile. Nilizoea kutoonekana. Hili la kuonekana na kuogopwa lilikuwa jipya, na lilikuwa baya zaidi.

Siku ya mnada tukaondoka wawili, Bibi na mimi. Senti ilikuwa kwenye fundo la kanga yake. Nilitembea nyuma yake nikitazama nyufa za visigino vyake, nikijifunza kwa moyo jinsi ya kusema samahani kwa Kisukuma, nisijue kwamba maneno niliyofundishwa na Minza yalikuwa ya kumsalimia mzee.

Tulimkuta yule mzee kwenye gunia lake. "Mwadila," Bibi akasema. "Mwadila, mayu," akajibu, yaani mama. Wakazungumza Kisukuma. Bibi akafungua fundo, akampa. Mzee aliitazama, akaisogeza kwenye mwanga, akanitazama mimi.

"Ndiyo hii hii?" akaniuliza. "Mbona imekuwa mpya?"

Bibi akamuuliza tena, sasa kwa Kiswahili, polepole, ili pasiwe na kosa: ilitoka kwa nani, na huyo mtu alikufaje.

"Kufa nani?" mzee akasema. "Hii niliitoa kwenye baiskeli yangu. Ilikuwa washa ya keria, kile kiduara kinachokaa chini ya nati. Keria ilikuwa inacheza, aliyeniuzia baiskeli akaiweka hapo kukaza nati, miaka na miaka. Nimebadilisha keria, nikaitupia kwenye kopo. Mtoto kaja ananiuliza mwenyewe amekufa, mimi nitajuaje? Nikamwambia amekufa."

"Hapana mtu?" Bibi akauliza.

"Hapana mtu, mayu. Ni washa."

Bibi alianza kucheka kwa mabega. Kisha akashika mbavu, akatafuta mahali pa kukaa, akakaa kwenye ukingo wa gunia la vyuma. "Washa," akasema, akifuta macho kwa kanga. "Siku tatu mtoto wangu anapita nyuma ya ghala kuikwepa washa." Mzee naye akacheka, na fundi wa jirani alipoelezwa akacheka akaacha gurudumu lizunguke peke yake.

Mimi nilikuwa nimesimama. Nilifikiria mwanamke wa chungwa, na jinsi alivyokuwa akipata joto kufikia saa nne. Nilikuwa nimemwambia kila kitu. Yale yote, mambo ya Mama na ya jiko la pampu, nilikuwa nimeyasimulia keria ya baiskeli. Nikameza mate mara ya kwanza, mara ya pili.

Bibi akaacha kucheka. "Mayu," akaniita. "Ulikuwa unamtaka nani?"

"Yeyote."

Hakuonekana kuelewa, au alielewa akataka nirudie. "Yeyote," nikasema. "Kila mtu ana wake. Nilijaribu kuugua, sikuugua."

Kwa Kiswahili chake kile cha kanisani na sokoni alianza kutafuta maneno, akayapata moja moja. "Sisi tunauliza mtoto akilia," akasema. "Mtoto akilia sana, tunajua kuna anayeita. Tunakwenda kuuliza ni nani. Wewe hujalia. Tangu uje, hata siku moja. Mimi nikasema, mama yake amelala vizuri huko aliko, hana shida na mtoto. Nikasema tumwache apumzike."

"Niliambiwa nisilie."

"Na nani?"

"Mama mkubwa. Alisema watu hawapendi mtoto wa kulialia."

Bibi alifyonza. Akafunga fundo la kanga lililokuwa halina kitu tena, akalifungua, akalifunga. "Mama yako aliitwa nani?"

Nikamtajia vile watu wote walivyokuwa wakimwita, Mama na jina langu.

"Yaya, hapana," akasema. "Hilo ni jina lako. Nataka la kwake."

Wenzangu, fikirieni. Baba alimwita kwa jina langu, majirani walimwita kwa jina langu, na pale kwa Bibi, nilikokuwa nimeshakaa miezi minane, hakuna aliyewahi kulisikia jina alilopewa na wazazi wake. Nilikuwa nalijua kwa sababu liliandikwa kwenye kadi ya hospitali, na baadaye kwenye msalaba. Nilikuwa sijawahi kulitamka, maana mtoto hamwiti mama yake kwa jina. Nikafungua mdomo niseme Salome, na Salome haikutoka. Ilitoka sauti nyingine, pana, mbaya, ambayo sikujua kama ninayo. Niliposikia ilivyo kubwa niliogopa, nikajaribu kuibana, ikanishinda.

Ng'ombe waliokuwa wamefungwa karibu wakageuza vichwa. Wachuuzi wakageuza vichwa. Yule mzee, masikini, alijuta biashara nzima. Aliichukua kengele moja kwenye gunia lake akanipa ninyamaze, na senti ikabaki mkononi mwake, sikuiulizia tena. Mwanamke aliyekuwa akiuza dagaa akaja akijifuta mikono kwenye aproni.

"Mtoto ana nini huyo? Mnyamazishe, mayu, watu wanatazama."

Bibi hakuinuka. Alinivuta akanikalisha mapajani mwake, pale pale chini kati ya nati na minyororo, mtoto mkubwa wa darasa la tatu miguu ikiburuzika kwenye vumbi. Hakunipigapiga mgongo, wala hakuniambia basi. Alinishika tu kwa nguvu, akamtazama yule mwanamke.

"Mwacheni alie," akasema. "Ndiyo kwanza amefika."